Mkate Ulitangulia Gitaa

Wafula,

Mkate.

Naanza hivyo kwa sababu sioni namna nyingine ya kukusalimu. Barua za watu huanza kwa kuulizana afya, na yako naijua. Kwa hiyo mkate, Wafula. Kama kuna haki huko uliko, ufungue mdomo wako useme, "Haya Saumu, umepatia." Najua hutasema. Hata ulipokuwa hai, umekalia kile kiti chako cha mlinzi pale lango la wafanyakazi wa hoteli na mkono wako umo ndani ya mkoba wangu hadi kwenye kiwiko, hukusema.

Nimekasirika. Nilidhani hasira zimeniisha, maana imepita zaidi ya mwaka tangu mwili wako urudishwe kwenu Webuye. Lakini Ijumaa iliyopita nilikutana na Kiprop, mwenzako wa chumba, akaniambia neno lililonirudisha mwanzo kabisa. Nitalifikia. Kwanza nataka nikusomee mashtaka yako kwa mpangilio, kwa kuwa uliondoka bila kunipa nafasi.

Shtaka la kwanza ni kwamba wewe ndiye uliyeanza. Mimi nilikuwa napita zangu. Nilikuwa mgeni katika kitengo cha mikate, nimetoka Mombasa kuja nchi hii ya Waarabu na cheti changu cha upishi, na jioni ile nilikuwa natoka na lundo la mawazo kichwani na chupa ya chachu ndani ya mkoba, nikailishe unga nyumbani siku yangu ya mapumziko. Ukaiinua kwenye mwanga. "Hii ni nini, siz?" Nikasema ni chachu. "Ni chakula?" Nikasema bado. Ukaniambia kitu cha jikoni hakitoki bila karatasi ya mpishi mkuu, na karatasi sikuwa nayo. Nilikusihi, nikakununia, ukaiweka chupa yangu kwenye rafu ya kibanda chako, pembeni ya dirisha, mwezi wa Agosti, na kiyoyozi chenu kimekufa.

Niliporudi kazini nilikukuta na kitambaa mkononi, unafuta. Kifuniko kilikuwa kimeruka, chachu imepanda, imeshuka rafuni, imeingia kwenye kofia yako ya kazi. Nilingoja unifokee. Badala yake ukaniangalia kwa macho makubwa ukasema, "Siz, hii kitu yako imejitoa yenyewe. Sasa mtu wa kwanza kuona kitu kama hiki halafu akaamua kula, alikuwa nani?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali kama hilo katika hoteli ile, wala kabla yake. Jikoni huulizwi, huagizwa. Saumu, mikate midogo. Saumu, harakisha. Nikakujibu kwamba wanasema ni Misri ya kale, kuna mtu alisahau kinyunga chake cha unga kwenye joto, kama wewe ulivyosahau changu. Ukacheka mpaka foleni ikageuka. Kisha ukasema sasa ni zamu ya somo lako, muziki, na ukaniuliza gitaa la besi lina nyuzi ngapi. Nikasema sita. "Nne," ukasema, ukafunga zipu ya mkoba wangu kama hakimu aliyefunga jalada. Niliudhika siku nzima.

Kanuni ulizitunga wewe, usikane. Swali hutolewa mtu akiingia zamu na jibu hutolewa akitoka, mkoba ukiwa wazi juu ya meza ya ukaguzi. Jibu lazima litoke kabla zipu haijafungwa. Mwamuzi ni aliyeuliza. Na simu ni wizi. Hilo ulilisema kama mtu anayehubiri: anayetafuta jibu kwenye simu ameiba, na mwizi langoni kwako hapiti. Simu zetu zilishinda kwenye makabati siku nzima, hata hivyo, kwa hiyo swali lako lilikaa nami kutwa, nikipima unga, nikikanda, nikipaka mikate yai. Mpishi mkuu alidhani nimekuwa mchapakazi kumbe natafuta kwa nini gitaa la umeme hulia peke yake likisogezwa karibu na spika.

Ulinifundisha mengi, nakubali, ingawa leo sina hamu ya kukusifu. Nilikuwa nadhani huo muziki wako wa roki ni kelele za Wazungu wenye nywele chafu. Siku niliyokwambia hivyo uliniacha nimalize, halafu ukasema roki ni mtoto wa watu weusi wa kule Amerika, kusini mwa nchi yao, waliokuwa wakiimba shida zao mashambani na makanisani, na usidanganywe na mtu. Ukanipigia mdundo wenyewe kwa vidole juu ya meza ya chuma, nyuma yangu watu wa usafi wamebeba mifuko yao, Biju wa kufua nguo anapiga kelele, "Yalla, yalla, basi linaondoka!" Ulikuwa na vidole vizuri, Wafula. Ungekuwa na ngoma ungetisha.

Na mimi nilikufundisha. Nani alikwambia kwamba viazi vilitoka milima ya Amerika ya kusini, wakati wewe ulikuwa umeshikilia Ulaya? Nani alikwambia kwamba Wahindi walikaa karne na karne bila pilipili, hadi meli za Wareno zilipoileta kutoka ng'ambo? Hukuamini. Ulisema haiwezekani, na badala ya kukubali umeshindwa ukamwita Biju, Mhindi wa Kerala, ukamuuliza mbele ya watu kama ni kweli pilipili si yao. Biju alinuna. Alipita langoni siku kadhaa bila kutuangalia, wewe na mimi, kama tumemtukania mama yake.

Lakini wewe nawe ulinuna siku ya mahindi. Nilipokwambia mahindi nayo yalikuja na meli, kwamba babu wa babu zako hawakuijua sima ya mahindi bali walikula mtama na wimbi, uliniangalia kama mtu aliyeambiwa baba yake si baba yake. Nilifunga zipu mwenyewe. Asubuhi yake ukaniambia ulimpigia mama yako simu kumuuliza, na mama akasema huyo dada wa jikoni ana adabu gani. Nilicheka hadi nikakaa chini kwenye ngazi. Hilo nalo limo katika vitu ambavyo sina wa kumwambia sasa.

Haya, tufike kwenye shauri lenyewe.

Ulikuwa mwaka ule barabara za mtaa wetu wa West Bay zimechimbwa zote kwa ajili ya treni ya metro, na sisi tunafika kazini tumepakwa vumbi kama maandazi yaliyonyunyizwa sukari. Ulinipokea na tabasamu la mtu aliyepanga njama tangu jana. Ukasema leo umechanganya masomo yote mawili, chakula na roki, na nisipojibu nikubali wewe ni mkubwa wangu. Swali: kipi kilitangulia kufika madukani, gitaa la umeme au mkate wa slesi, ule unaokatwa na mashine na kufungwa kwenye karatasi?

Wafula, mkate! Uliniuliza mimi kuhusu mkate! Nilishinda nao siku ile kichwani, lakini si kwa sababu ya shaka. Nilikuwa nafurahia tu. Nilitoka, nikaweka mkoba, nikasema mkate. Na wewe ukatikisa kichwa polepole, ukasema gitaa.

Nikakwambia urudie. Ukarudia. Nikakwambia umekosea, ukasema mwamuzi ni aliyeuliza. Nikarudi jikoni na koti langu la nje tayari mwilini, nikamuuliza mpishi wetu wa mikate, yule mzee Mlebanoni ambaye hajawahi kukosea kuhusu unga, naye akasema mkate, miaka michache kabla, hana wasiwasi. Nikakuletea. Ukasema, "Huyo ni wa upande wako." Ningeweza kufungua kabati langu, nikachukua simu, nikakumaliza pale pale. Sikufanya hivyo. Kanuni ni kanuni, na nilitaka ukubali kwa mdomo wako, bila kusukumwa na mashine. Jikoni kwangu walikuwa wananihesabu kama mikono miwili tu. Wewe ulikuwa unanihesabu kama mtu anayejua kitu, na kitu chenyewe nilichokuwa nakijua ni mkate. Kisha ukaninyang'anya hicho hicho.

Ndipo tukafika pale tulipofika. Kesho yake sikukusalimu. Niliweka mkoba mezani nikasema, "Mkate." Ukaupekua, ukaufunga, ukasema, "Gitaa." Na siku iliyofuata hivyo hivyo. Maswali mengine yaliendelea, lakini salamu yetu ikawa hiyo, mimi mkate, wewe gitaa, hadi watu wa foleni wakaizoea. Biju mwenyewe alianza kuniamkia hivyo bila kujua maana. Mara moja nilikuona ng'ambo ya barabara kwenye kituo cha basi, magari yanapita katikati yetu, nikapaza sauti, "Mkaaate!" na wewe ukainua mkono mmoja, ukaupinda kama umeshika gitaa, ukalipiga. Mama mmoja aliyekuwa karibu yangu alivuta watoto wake pembeni.

Siku yako ya mwisho kazini sikuijua kama ni ya mwisho. Ilikuwa Jumatano ya kawaida. Ulisema kifua kinakubana kidogo, nikakwambia upunguze chai ya karaki, ukasema utapunguza ukifa. Ukafunga zipu. "Gitaa," ukasema. Alhamisi ilikuwa mapumziko yako. Ulilala mchana na hukuamka. Moyo, walisema. Mtu mwenye umri wako, mwenye vidole vile, moyo.

Hilo ndilo neno la mwisho nililolisikia kwako, Wafula. Si kwaheri, si tutaonana. Ni neno la mtu aliyekosea na hataki kukubali.

Wakenya wa hapa walikufanyia ibada kule nje ya mji, Al Wukair, kwenye nyumba ya yule muuguzi anayewakaribisha watu wenu wa kanisa. Nilikwenda na buibui langu, nikakaa nyuma karibu na mlango wa jikoni, wakanipa chai, walikuwa wema. Lakini maneno waliyosema! Mmoja alisimama akasema marehemu alikuwa mtu wa kimya. Mwingine akasema alikuwa mnyenyekevu, hana ubishi na mtu. Hana ubishi! Nilishika kikombe kwa mikono miwili nisije nikakirusha. Halafu wakasema alipenda sana nyimbo za kwaya, wakaimba tatu. Waliimba vizuri, sisemi vibaya, lakini nilikuwa nawatazama nikijiuliza wanamzika nani. Nilitaka kusimama niseme huyu mtu aliwahi kusimamisha foleni ya wafanyakazi wote ili anipigie ngoma kwenye meza ya chuma. Nilitaka kusema kwamba hata siku moja kabla ya kufa alinidhulumu. Sikusimama. Mimi ni nani kwako? Si dada yako, si mke, si wa kanisa lenu. Kuna jina gani la mtu unayemkagulia mkoba?

Hilo ndilo linaloniudhi hadi leo. Ungekuwa jamaa yangu, watu wangenipa pole. Jikoni waliniuliza kwa nini macho mekundu, nikasema ni vitunguu, na kitengo cha mikate hakikati vitunguu.

Umeondoka na mambo yamebadilika, na yote yamebadilika vibaya, nakwambia bila kukuficha. Metro uliyokuwa ukiilaani kwa vumbi sasa inatembea. Ni safi, ni baridi, inafika kwa wakati, na ungeipenda, na hilo pia linaniudhi. Langoni wameleta mashine. Mkoba unawekwa kwenye mkanda, unaingia kwenye sanduku, unatokea upande wa pili. Hakuna anayeufungua, hakuna zipu. Mchezo wetu usingechezeka hata ungekuwepo.

Pale kwenye kiti chako yuko Okello, kijana wa Uganda, mpole, ana adabu. Siku ya kwanza ya mashine nilipita, mkoba ukaingia, na mdomo wangu ukasema wenyewe, "Mkate." Okello akasimama. "Samahani, madam, umesema una mkate?" Nikasema hapana. Akasema itabidi aangalie. Akautoa mkoba, akakagua kila mfuko, akatoa mtandio wangu, kitana, chaja, akatafuta mkate kwa dhati ya moyo wake, na mimi nimesimama pale nalia mbele ya watu wa usafi. Maskini alidhani nimeiba. Alipokosa mkate akazidi kuchanganyikiwa, akaniomba radhi mara nyingi. Tangu siku hiyo ninalisema moyoni.

Sasa nije kwa Kiprop.

Siku hizi ni dereva. Ijumaa alinipakia kunipeleka Al Wukair kumwona rafiki yangu aliyejifungua, na njiani tukasimama kunywa karaki garini, unajua wanavyoleta hadi dirishani. Tukakuzungumza. Nikamweleza habari ya mkate na gitaa, kama kichekesho tu, nikidhani hajui. Akanitazama akasema, "Lakini Wafula alijua ni mkate."

Nikamwambia arudie.

Akasema jioni ile ile uliyoniuliza, ulifika chumbani ukajitupa kitandani, ukachukua simu, ukatafuta. Simu, Wafula! Wewe! Ukasoma, ukaanza kucheka peke yako hadi akakutupia mto. Akakuuliza kuna nini, ukamwambia, "Siz amepatia. Ni mkate kabisa." Akakwambia basi kesho mwambie. Na wewe ukasema, haya ni maneno yako kama Kiprop alivyonipa, "Nikimkubalia, tutarudi kuambiana morning, morning, kama watu wa lifti. Wacha anikasirikie. Akikasirika huwa anasimama kidogo."

Nilimwaga karaki yote kwenye kiti cha gari la watu. Nilipiga kelele, Kiprop akafunga vioo. Ulijua! Muda wote ule ulijua! Nimebeba dhuluma hii mwaka mzima, nimelala nayo, nimeikanda na unga, na wewe hukuwahi hata kuamini ulichokuwa ukikisema. Na simu mimi sikuigusa. Hata baada ya kufa kwako, nilipokuwa peke yangu na hakuna mwamuzi wala lango, sikutafuta, kwa sababu nilikuwa naheshimu kanuni ya mtu aliyeivunja siku ya kwanza. Mwizi mkubwa wewe.

Nimelia sana tangu Ijumaa, na sijui nalia nini, hasira au lile neno la mwisho alilonipa Kiprop. Kwa hiyo ulikuwa unanisimamisha. Nami nilidhani ni mimi ninayechelewesha zipu. Nilikuwa naifungua jino kwa jino, Wafula, Biju akipiga kelele nyuma, nikidhani huoni.

Basi sikiliza, maana nimeamua. Ushindi huu siupokei. Ulikubali mbele ya Kiprop, na Kiprop si mwamuzi, hakuuliza swali wala hakulijibu. Kanuni zako mwenyewe zinasema jibu hutolewa langoni, mkoba ukiwa wazi mezani, baina ya aliyeuliza na aliyejibu. Mbele yangu hukukubali. Mbele yangu ulisema gitaa, na gitaa ndilo lililoandikwa kwangu.

Nakuahidi hivi. Simu sitaigusa. Mtu akiniuliza nani alishinda nitamwambia bado tunabishana, na akisema huyo mwenzako si amekufa, nitamwambia hajui ubishi wako. Chachu ipo, bado nailisha, safari hii nina karatasi ya mpishi mkuu. Okello nimeanza kumuuliza maswali madogo madogo, ya viazi na ya kahawa, ili nione. Kuhusu roki hajui kitu. Nitamfundisha, lakini swali letu hili simpi.

Mungu akulaze pema, ndugu yangu, na akupe ngoma huko, za kweli, za kupiga kwa mikono na miguu. Ukiona foleni yangu inakaribia lango la huko usihangaike kunipitisha haraka. Nitakuwa na mkoba mkubwa na zipu mbovu.

Na usikubali, Wafula. Nikifika, usithubutu kukubali.

Mkate.

Wako,
Saumu wa mikate